Mumbai kwa Lokali na Miguu: Mwongozo kwa Aliyekwisha Kuona Gateway of India

Maswali ni yaleyale. Msindikizaji wa mgonjwa ana siku tatu za kusubiri majibu ya vipimo na amechoka kutazama dari la chumba cha hoteli. Mfanyabiashara wa vitambaa amemaliza kufunga mzigo mapema na ndege yake ni keshokutwa. Mwanafunzi wa Pune amekuja mjini kwa wikendi. Wote wameshapiga picha Gateway of India, wameshakaa Marine Drive jua likizama, na sasa wanauliza: baada ya hapo niende wapi, na nitafikaje bila kupotea?

Jibu langu ni fupi: usichague kivutio, chagua stesheni. Fika mapema, tembea kilomita mbili tatu kuizunguka stesheni hiyo, kula hapohapo, kisha rudi. Mji utauona kuliko mtu aliyekodi gari kutwa nzima akaishia kwenye foleni. Hatua zilizo hapa chini zinafuata njia hiyo. Saa zote ninazozitaja ni za Kiswahili, kwa hiyo saa 2 asubuhi ni ile ambayo bango la stesheni litaandika 8. Na ukitoka Afrika Mashariki, sogeza saa yako mbele kwa saa mbili na nusu.

Uwe na nini kabla ya kuanza

- Cheti cha chanjo ya homa ya manjano. Hili ni kwa ambaye bado yuko nyumbani. Nchi nyingi za ukanda wetu zimo kwenye orodha ya India, na chanjo inatakiwa iwe imetimiza siku 10. Asiye nacho anaweza kuwekwa karantini hadi siku 6, na maafisa wa afya pale uwanja wa ndege hawana mzaha.
- Laini ya simu ya India. Nenda duka rasmi la kampuni ya simu na pasipoti, viza na picha ndogo. Haifunguki papo hapo, wakati mwingine hulala mpaka kesho yake. Ishughulikie siku ya kwanza.
- Pesa taslimu za noti ndogo. Wenyeji wanalipa kila kitu kwa simu, mpaka muuza ndizi ana karatasi ya kuskani. Mfumo wao kwa kawaida umefungwa kwenye akaunti za benki za India, kwa hiyo mgeni wa siku chache hubaki na taslimu, na chenji ni shida kweli. Ukitoa noti ya 500 kununua chai ya rupia 15 utatazamwa vibaya. Vunja noti kubwa kwenye duka la dawa au supamaketi, ukae na za 10, 20, 50 na 100.
- Nakala ya pasipoti na viza, pamoja na kadi ya hoteli yenye jina la stesheni iliyo karibu.
- Adapta ya umeme. Plagi yetu ya pini tatu bapa haiingii kwenye soketi zao za mashimo ya duara.
- Viatu vinavyovulika upesi, mtandio au kanga, chupa ya maji na karatasi za chooni. Misikiti, mahekalu na baadhi ya nyumba utaingia peku.

Kuhusu msimu: Novemba hadi Februari ni raha. Aprili na Mei joto linakausha koo. Juni hadi Septemba ni mvua, na mvua ya Mumbai si ya kubeza: tarehe 26 Julai 2005 zilinyesha milimita 944 kwa siku moja.

Hatua ya 1: Isome ramani kwa njia za reli

Mumbai ni rasi ndefu na nyembamba, mji wa kale uko ncha ya kusini na vitongoji vinapanda kuelekea kaskazini. Treni za mjini, ambazo wenyeji wanaziita lokali, zinapita kwa urefu wake. Kariri njia tatu tu:

- Western: Churchgate, Charni Road, Grant Road, Mumbai Central, Dadar, Bandra, Andheri, Borivali, mpaka Virar.
- Central: CSMT, Masjid, Sandhurst Road, Byculla, Dadar, Matunga, Kurla, Thane, na kuendelea.
- Harbour: kutoka CSMT kupitia upande wa bandari hadi Panvel.

Western na Central zinakutana Dadar. CSMT ndiyo stesheni kubwa iliyokuwa ikiitwa Victoria Terminus, na madereva wengi bado wanasema "VT". Karibu na hapo, tarehe 16 Aprili 1853, ndipo ilipoondoka treni ya kwanza ya abiria India, kilomita 34 hadi Thane.

Kila stesheni ina upande wa mashariki na wa magharibi, na anwani za watu zinataja upande: Andheri East, Andheri West. Ukitokea upande usio wako utapanda ngazi na kushuka ngazi ndani ya umati kabla ya kufika ulipotakiwa kuwa. Muulize mwenyeji wako upande kabla hujaondoka.

Kuna pia metro. Njia ya 3, inayopita chini ya ardhi, ilikamilika Oktoba 2025 na inaunganisha vituo vya uwanja wa ndege na CSMT, Girgaon na Cuffe Parade. Ina kiyoyozi na msukosuko ni mdogo. Mwenye mgonjwa au mtoto aanze na hiyo, lokali atajaribu baadaye.

Hatua ya 2: Jifunze tarakimu kumi

Mabasi mekundu ya shirika la BEST ni ya bei ndogo na yanafika mitaa ambayo treni haifiki, lakini mara nyingi namba ya mbele imeandikwa kwa tarakimu zao: ० १ २ ३ ४ ५ ६ ७ ८ ९, yaani 0 hadi 9 kwa mpangilio huo. Ziandike kwenye karatasi uweke mfukoni. Namba unayoweza kuisoma bila taabu iko ubavuni mwa basi, ila ukisubiri kuiona ubavuni basi limeshaondoka.

Ongeza maneno machache ya Kihindi: *kitna?* (bei gani?), *kidhar?* (wapi?), *meter se* (kwa mita), *teekha kam* (pilipili kidogo), *bas* (inatosha). Kiingereza kitakusaidia kwingi, lakini si kwa mama anayeuza samaki.

Hatua ya 3: Chagua saa kabla ya kuchagua mahali

Asubuhi, takriban saa 2 hadi saa 5, watu wote wanaelekea kusini. Jioni, saa 11 hadi saa 3 usiku, wote wanarudi kaskazini. Wewe nenda kinyume chao, au ondoka kabla ya saa 1 asubuhi, au subiri hadi baada ya saa 5. Kama umezoea kugombea daladala la Mbagala usidhani umehitimu. Hapa mlango haufungwi, na treni inasimama kwa muda wa kuhesabu mpaka thelathini.

Jumapili msongamano ni mdogo, ila ndiyo siku ya matengenezo, wanayoiita mega block: baadhi ya njia husimamishwa kwa saa kadhaa mchana. Tangazo hutoka siku moja au mbili kabla. Liangalie.

Hatua ya 4: Kata tiketi

1. Nenda dirishani, taja stesheni unayokwenda, na sema "return" kama unarudi siku hiyohiyo. Programu ya reli inadai namba ya simu ya India, kwa hiyo dirisha ndilo la uhakika.
2. Foleni ikiwa ndefu, tafuta mashine za tiketi. Mara nyingi kuna mtu amesimama pale, wengi wao wastaafu wa reli, anayekukatia kwa taslimu.
3. Daraja la pili ni rupia chache tu, safari fupi huanzia rupia 5. Daraja la kwanza ni ghali mara kadhaa. Usitegemee viti vya maana, unachonunua ni nafasi ya kupumua. Zipo pia lokali zenye kiyoyozi, zenye nauli yake ya pekee.
4. Kama utazunguka sana, uliza pasi ya mtalii, ipo ya siku 1, 3 au 5.

Tahadhari: ukiwa na tiketi ya daraja la pili ukaingia la kwanza, mkaguzi hatajali kwamba wewe ni mgeni. Na mwanamume asiingie behewa la wanawake hata kama lina nafasi tele.

Hatua ya 5: Panda na ushuke bila kuumia

Bango la jukwaani linaonyesha herufi za mwisho wa safari, kisha S au F, kisha idadi ya mabehewa, 12 au 15. S inasimama kila stesheni. F inaruka. Mgeni apande S mpaka azoee. Hapa ndipo wengi wanapokosea: wanaona treni imekuja, wanaingia, halafu wanaitazama stesheni yao ikipita dirishani.

Simama mahali behewa lako litakaposimama. Nguzo na mabango ya jukwaani yana alama na mistari ya rangi kuonyesha behewa la wanawake na la daraja la kwanza. Dada na mama wanaosafiri peke yao, tumieni behewa la wanawake bila aibu. Mtauziwa humo bangili, pini za nywele na mboga zilizokwisha menywa, na mtaelekezwa njia kuliko kwingine kokote.

Waache wanaoshuka washuke. Kaa mbali na mlango kama safari ni ndefu, ila stesheni mbili kabla ya yako anza kusogea, ukimuuliza aliye mbele yako "Dadar?" kwa kunyanyua nyusi. Akitikisa kichwa kuwa anashuka, mfuate mgongoni. Kama hashuki, atakupisha. Begi la mgongoni livae kifuani.

Usining'inie mlangoni kupiga picha, na usikatishe reli kwa miguu hata ukiona mamia wanafanya hivyo. Watu wanakufa kwenye reli hizi kila mwaka, wengi kwa mambo hayo mawili.

Hatua ya 6: Siku ya kwanza, Sandhurst Road hadi CSMT kwa miguu

Nimeiweka kwanza kwa sababu msomaji wa pwani yetu hapa haji kama mgeni kabisa. Ni kilomita tatu hivi, lakini zipe nusu siku. Shuka Sandhurst Road, elekea magharibi kuingia Dongri.

Anza na Mughal Masjid, msikiti wa Waajemi wa Kishia uliojengwa mwaka 1860. Hauna kuba, una minara miwili na vigae vya buluu kuanzia langoni, na ndani kuna bwawa la maji lililozungukwa na miti. Dakika moja tu kutoka kelele za mtaa unasikia ndege.

Kutoka hapo tembea hadi Bhendi Bazaar. Aliyekulia Mombasa, Unguja au Dar atawatambua Mabohora papo hapo: wanaume wenye kofia nyeupe zenye ukingo wa dhahabu, wanawake kwenye rida za rangi. Hapa ndipo lilipo Raudat Tahera, kaburi la Syedna Taher Saifuddin, aliyekuwa kiongozi wa Mabohora, jengo la marmari nyeupe ambalo kuta zake za ndani zimeandikwa Kurani yote kwa dhahabu. Omba ruhusa langoni, funika kichwa, na usitoe simu mfukoni kabla hujaambiwa kuwa inaruhusiwa. Mtaa wenyewe unabomolewa na kujengwa upya kwa maghorofa katika mradi wa Mabohora wenyewe, kwa hiyo vumbi ni jingi na ramani ya simu inaweza kukupitisha kwenye ukuta.

Upande wa pili wa barabara kuu, ndani kidogo, kuna Mutton Street, moyo wa Chor Bazaar, soko la vitu vya zamani. Gramafoni, taa za meli, mabango ya sinema za zamani, kufuli zisizo na funguo, funguo zisizo na kufuli. Bei ya kwanza ni ya kutania tu, toa theluthi yake uanze kuongea. Ijumaa maduka hufungwa na badala yake wachuuzi wanatandaza vitu barabarani tangu alfajiri. Mimi naipenda siku hiyo zaidi, ingawa kilichotandazwa kingi ni takataka za kweli.

Rudi Mohammed Ali Road na uifuate kuelekea kusini. Karibu na Minara Masjid kuna nihari ya asubuhi (mchuzi mzito wa nyama), kebabu, na duka la vitamu la Suleman Usman lenye malpua (chapati tamu za kukaanga) na firni (uji mzito wa maziwa na mchele) za kwenye vyungu vidogo. Usiku wa Ramadhani eneo hili halilali. Njoo baada ya tarawehe, ukiwa umeacha nafasi tumboni.

Endelea hadi Jama Masjid ya Sheikh Memon Street, iliyokamilika mwaka 1802. Ni msikiti wa Waislamu wa pwani ya Konkan, Washafii kama walivyo wengi wa pwani yetu, na umejengwa juu ya birika la kale. Matao ya mawe meusi yanatoka majini kuubeba msikiti, na chini yake wanaogelea samaki na kasa. Katika vitu vyote vya mji huu ambavyo watalii wanavipita bila kuvijua, hiki nakiweka cha kwanza. Kwa kina mama: misikiti mingi ya India haina sehemu ya wanawake, ulizeni mlangoni msije mkafukuzwa ukumbini.

Ubavuni kuna Mangaldas Market, vichochoro vya vitambaa vilivyofunikwa paa, halafu Crawford Market ya mwaka 1869. Mangaldas hufungwa Jumapili. Ukiwa hapo kati ya Aprili na Juni mapema, nunua embe aina ya hapus, na unuse kabla ya kulipa. CSMT iko mbele yako, dakika kumi kwa mguu. Kama miguu imegoma, pinda kwanza Dhobi Talao ukanywe chai na mkate wa siagi Kyani & Co., mkahawa wa Kiirani uliofunguliwa mwaka 1904. Meza zina mawe ya marmari, wahudumu hawana haraka na hawataki uwe nayo.

Kwa Waismaili: kaburi la Aga Khan wa Kwanza, aliyefariki mwaka 1881, liko Hasanabad, Mazgaon. Hiyo ni safari nyingine fupi, kwa teksi kutoka Byculla.

Hatua ya 7: Alfajiri ya Dadar, kifungua kinywa cha Matunga

1. Fika Dadar saa 12 alfajiri, tokea upande wa magharibi. Soko la maua liko chini ya daraja la barabara, kando ya stesheni. Marigoldi inauzwa kwa kilo, mashada yanafungwa hapohapo, wapagazi wanapita na vikapu vichwani wakipiga kelele upishe. Pisha. Saa 3 asubuhi utamu umekwisha.
2. Kula vada pav kwenye kibanda chochote chenye foleni: kiazi kilichosagwa na kukaangwa, ndani ya mkate, na chatini kavu ya kitunguu saumu. Kilianzia nje ya stesheni hii hii miaka ya 1960, na bei bado ni ya mfanyakazi wa kawaida.
3. Vuka kwa daraja hadi upande wa mashariki. Tembea kupitia Parsi Colony na Five Gardens, mtaa wa miti mikubwa na nyumba za ghorofa chache ambazo Maparsi, wafuasi wa dini ya Zoroasta, walijijengea. Hapa ndipo utakapoamini kuwa Mumbai kuna kivuli.
4. Tokea Matunga, eneo la watu wa India ya Kusini. Kaa Cafe Madras au Ram Ashray, agiza idli (vikeki vya mchele vya mvuke), dosa (chapati nyembamba ya mchele) na kahawa ya chujio. Utakaa meza moja na usiowajua, ukimaliza unainuka, kwa sababu nyuma yako kuna anayesubiri kiti.

Kama unapenda bahari kuliko maua, badala ya Dadar nenda Sassoon Dock, Colaba, saa 11 na nusu alfajiri kwa teksi. Gati hilo lilijengwa mwaka 1875 na familia ya Sassoon, Wayahudi waliotoka Baghdad, na mnada wa samaki unaendeshwa na wanawake wa Kikoli, jamii ya wavuvi wa hapa, wenye sauti za kukata hewa. Vaa viatu usivyovijali. Kupiga picha ni marufuku, na Juni na Julai uvuvi husimama kwa hiyo usiende.

Hatua ya 8: Charni Road hadi Banganga

Shuka Charni Road, ingia Girgaon, uliza Khotachiwadi. Ni vichochoro vichache vya nyumba za mbao zenye vibaraza na ngazi za nje, za Wakristo wanaojiita East Indians. Zimebaki chache, na wanaoishi humo wamechoka na kamera. Ongea kwanza, picha baadaye, na kama mlango uko wazi haina maana umekaribishwa.

Kutoka hapo tembea hadi Mani Bhavan, Gamdevi, nyumba aliyofikia Gandhi kati ya 1917 na 1934 kila alipokuwa mjini. Halafu teremka ufuoni Chowpatty. Chuo unachokiona mkabala na bahari ni cha Wilson, jina la mmisionari wa Kiskoti John Wilson. Katika shule ya Wilson hapa Bombay ndipo Livingstone alipomwacha Chuma mwaka 1864, yule aliyekuja kuwa miongoni mwa waliobeba mwili wake mpaka Bagamoyo. Hakuna kibao kinachokuambia hivyo pale nje.

Chukua teksi hadi Walkeshwar na uteremke ngazi za Banganga, birika la mawe lililozungukwa na mahekalu. Maji yake ni ya chemchemi tamu ingawa bahari iko hatua chache tu nyuma ya nyumba. Jioni ndipo pazuri. Migahawa ya upande huu ni ya mboga tupu, mara nyingi bila kitunguu wala saumu, kwa sababu ya majirani Wajaini.

Hatua ya 9: Borivali, kama una siku nzima

Lango la Sanjay Gandhi National Park liko upande wa mashariki wa Borivali, na mapango ya Kanheri yako kilomita sita hivi ndani ya msitu. Ni zaidi ya mapango 100 yaliyochongwa kwenye mwamba na watawa wa Kibudha kwa karne nyingi, yana vitanda vya mawe, mifereji ya maji ya mvua, na ukumbi wenye sanamu za Buddha zenye kimo cha karibu mita 7. Kuna basi la ndani ya hifadhi. Mgeni analipa kiingilio kikubwa kuliko mwenyeji, na tiketi ya mapango ni tofauti na ya hifadhi. Jumatatu hufungwa. Chakula kifiche, nyani wa hapo wanajua kufungua zipu. Chui nao wapo kweli msituni, usipotoke njia jioni.

Makosa yanayojirudia

*Kutafuta bajaji mjini.* Bajaji haziruhusiwi kusini mwa Bandra na Sion. Huko utasimamisha teksi za rangi nyeusi na njano, na zote zina mita.

*Kupanga mitaa mitatu siku moja.* Mmoja asubuhi, mmoja jioni, mchana ulale.

*Kutafuta nyama ya ng'ombe.* Kuchinja ng'ombe kumepigwa marufuku katika jimbo hili la Maharashtra, na tangu 2015 hata dume. Kula mbuzi, kuku, samaki, au nyati wa kufugwa. Kwenye vyakula vya pakiti, alama ya kijani maana yake hakina nyama.

*Kwenda Dharavi, mtaa mkubwa wa mabanda, kupiga picha za umaskini.* Ukitaka kununua ngozi au vyungu vya Kumbharwada, nenda kama mnunuzi. Vinginevyo waache watu wafanye kazi.

*Kukasirika kwa kutazamwa.* Mtu mweusi atatazamwa, ataombwa selfi, na mara mojamoja atasikia neno la hovyo. Selfi unaweza kukataa kwa kutabasamu na kuendelea kutembea. Neno la hovyo lipite, hasa ukiwa peke yako usiku.

Ukikwama

*Umepitiliza stesheni.* Shuka inayofuata ambayo treni inasimama, vuka daraja, rudi. Kama umepita mwisho wa tiketi yako, kata nyingine kabla hujapanda treni ya kurudi.

*Mkaguzi amekukamata na tiketi isiyo sahihi.* Faini ni rupia 250 pamoja na nauli. Lipa, dai risiti. Asiyetoa risiti, mwambie muende wote ofisi ya stesheni.

*Dereva anasema mita ni mbovu.* Shuka. Kuna teksi nyingine nyuma yake. Ukishindwa kabisa, ita gari kwa Uber au Ola uone bei kabla ya kupanda.

*Mtoto au mama anakuomba umnunulie maziwa ya unga, si pesa.* Colaba ni mchezo wa kila siku: duka ni lao, kopo linarudishwa rafuni ukiondoka. Nunua ndizi umpe.

*Hoteli ndogo inakukataa.* Hoteli inatakiwa kuandikisha kila mgeni wa nje kwa serikali, na gesti nyingi hazina utaratibu huo. Usibishane, uliza ya jirani, au weka nafasi mapema ukisema wazi una pasipoti ya nje.

*Tumbo limechafuka.* Duka lolote la dawa lina chumvichumvi za kuchanganya na maji, omba "ORS". Kunywa maji ya chupa iliyofungwa, na miwa ya kukamua yenye barafu iache mpaka upone. Ukiona damu au homa, nenda hospitali.

*Mvua imekukuta njiani.* Dadar, Hindmata, Sion na King's Circle hujaa maji upesi, na lokali husimama. Usiingie kwenye maji usiyoona chini, mifuniko ya mitaro huwa imefunguliwa. Ingia mkahawani, agiza chai, subiri maji ya bahari yapwe. Kama ni usiku tafuta chumba hapohapo.

*Simu imezima na hujui ulipo.* Usiulize mtaa, uliza stesheni: "Station kidhar?" Kila mtu anajua. Ukishafika, mwonyeshe askari kadi yako ya hoteli.

*Dharura.* Piga 112 popote, 139 kwa masuala ya reli. Wasindikizaji wa wagonjwa waandike pia namba ya wodi kwenye karatasi, si kwenye simu peke yake.